Shajara ya mradi: Kuwaandaa vijana wa Mwanza kwa mwaka wa kwanza wa chuo

Mei, mtihani wa kidato cha sita ukiendelea

Timu imekutana Kirumba kupanga kazi ya mwaka huu. Tupo walimu wa sekondari, muuguzi anayefanya kazi hospitali ya Bugando, wakili kijana, na wahitimu kadhaa waliosoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ukumbi tumepewa bure kila Jumamosi mchana.

Tumekubaliana jambo moja, na ndilo litakaloongoza mradi mzima: kila tunachomfundisha kijana akifanye kwa mikono yake kabla hajapanda basi. Semina za nasaha zimejaa mjini. Mgeni rasmi anasimama, anasema someni kwa bidii, epukeni makundi mabaya, mkumbuke mlikotoka. Yote ni kweli. Lakini kijana aliyesimama kwenye foleni ya usajili jina lake likiwa limeandikwa tofauti kwenye vyeti viwili, maneno hayo hayamsogezi mbele hata hatua moja. Wengi wanaoyumba mwaka wa kwanza nimewafundisha mwenyewe na najua akili wanazo. Wanayumbishwa na karatasi, na hela iliyochelewa, na mhadhara wa kwanza ambao hakuna aliyewaambia utakuwaje.

Kazi ina haraka yake. Mtihani ukiisha, wengi wataitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wakae kambini miezi ya Juni hadi Agosti. Miezi hiyohiyo ndiyo matokeo yanatoka, Bodi ya Mikopo inapokea maombi, na vyuo vinafungua dirisha la udahili. Aliyeko kambi ya Rwamkoma au Bulombora hana nafasi ya kwenda kufuatilia cheti. Basi karatasi zote zishughulikiwe kabla ya kambi, na mzazi ajue kila kitu kinachobaki mezani.

Mwisho wa Mei: meza ya vyeti

Leo tumefungua meza. Kila kijana amekuja na bahasha: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, picha za paspoti. Tunavipanga kwa mstari na kusoma majina herufi kwa herufi, kijana akisoma kwa sauti na mwenzake akikagua.

Hapo ndipo mambo yalipoonekana. Majina yetu ya Kisukuma huandikwa kila karani na sikio lake. Binti mmoja wa Igoma ni Nyanzala kwenye cheti cha kuzaliwa na Nyanjala kwenye cheti cha kidato cha nne. Kijana wa Magu ana majina matatu cheti kimoja, mawili cheti kingine. Mwingine jina la babu limekuwa la baba. Nyumbani hakuna anayeona tatizo, kwa sababu mtu ni yuleyule. Mfumo wa maombi hauoni mtu, unaona herufi. Wakili wetu ameanza na hao: wengine hati ya kiapo inawatosha, na wale ambao jina limebadilika kabisa ameanza nao taratibu ya hati ya kubadili jina.

Kinachofuata ni uhakiki wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Bodi haipokei cheti cha kuzaliwa ambacho RITA haijakihakiki, na uhakiki unaombwa mtandaoni kwa ada ya shilingi 3,000. Hela si nyingi. Kinachouma ni muda, maana dirisha la mkopo likifunguliwa nchi nzima inaomba kwa pamoja. Tumewasajilia hapohapo ukumbini, kila mmoja kwa simu yake, na nywila ikaandikwa kwenye daftari lake na kwenye daftari la mzazi.

Jambo lililonikaa moyoni leo ni la binti kutoka Kisesa. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la tano. Kwenye fomu ya mkopo yatima anatakiwa kuambatanisha cheti cha kifo, nacho pia kihakikiwe. Cheti hakipo, kwa sababu baada ya mazishi hakuna aliyekwenda kusajili. Mama alidhani kibali cha mazishi ndicho cheti chenyewe. Amekuja nacho amekikunja ndani ya kitambaa, kimechakaa kwenye mikunjo lakini kinasomeka. Tumemweleza kwamba usajili wa vizazi na vifo unafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwamba kifo cha zamani kinaweza kusajiliwa, na kwamba hicho kibali ni ushahidi wa thamani kubwa. Muuguzi wetu atakwenda naye. Bila karatasi hiyo, Bodi itamwona kama mtoto ambaye baba yake yuko hai na hajaandika kipato chake.

Juni, wazazi

Watoto wako kambini, wazazi wamekuja wenyewe. Ukumbi ulijaa kuliko tulivyotegemea. Mama wa soko la dagaa la Mwaloni walifika na khanga zao zikinukia dagaa, moja kwa moja kutoka kazini, mzee mmoja amevuka kutoka Ukerewe kwa kivuko cha asubuhi, na wa Sengerema wakasema siku hizi safari imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025.

Nimewaeleza mkopo kwa utaratibu. Kwamba ni deni, na mtoto akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi liishe. Kwamba kupata chuo hakumaanishi umepata mkopo. Ni maombi mawili tofauti kwa taasisi mbili tofauti. Kwamba anayepangiwa mkopo anaweza kupangiwa chakula na malazi yote lakini ada kidogo, au bila ada kabisa, na pengo hilo ni la familia.

Mzee wa Ukerewe akanyoosha mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mimi mambo ya asilimia siyajui sana. Najua giza na mbalamwezi. Kwenye giza nina hela, kwenye mbalamwezi sina. Niambie chuo kinataka hela lini."

Ni swali bora kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo tumeweka almanaki ya chuo na kalenda ya mwezi mezani, upande kwa upande. Vyuo vingi vinaruhusu ada ilipwe kwa awamu. Tumetafuta tarehe ya mwisho ya kila awamu, tukarudi nyuma hadi giza la kabla yake, na hapo tukaandika kiasi cha kuweka. Mama wa Mwaloni waliona wakasema na wao watengenezewe, maana biashara yao inafuata mitumbwi hiyohiyo. Kesho yake mchana tulikuwa bado tunachora kalenda.

Onyo moja nimelirudia mara nyingi na nitazidi kulirudia: ada ya chuo cha umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo. Hakuna karani, wakala wala "ndugu yangu yuko pale utawala" anayepokea ada kwenye simu yake. Anayeahidi nafasi kwa hela ni tapeli.

Julai, matokeo

Yametoka. Simu zimelia tangu mchana.

Kwa waliofaulu: sharti la chini la kuingia shahada ni alama kuu (principal) za masomo mawili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo inakufikisha mlangoni tu. Kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na maombi yanakwenda moja kwa moja kwenye chuo. Tumewasomesha wazazi mwongozo wenyewe badala ya kuwaambia kilichomo, kwa sababu mwakani wana mtoto mwingine.

Kijana aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hakupata pointi za kutosha. Baba yake anataka arudie mtihani, kijana mwenyewe tulipompata kwa simu anataka diploma ya uvuvi pale Nyegezi, kwenye Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Mimi niko upande wa kijana, na nimemwambia baba hivyo kwa heshima. Diploma yenye GPA ya 3.0 inafungua mlango wa shahada kama kawaida, na mtu aliyekulia Igombe akiwaona samaki kila siku ana cha kuchangia kwenye taaluma hiyo. Tabia ya kuiona diploma kama adhabu imewapotezea vijana wetu miaka mingi.

Agosti

Karatasi, karatasi. Fomu za mkopo zimechapwa, zikasainiwa na mwenyekiti wa mtaa, mdhamini na wakili, kisha kurasa zikapandishwa tena kwenye mfumo. Binti wa Kisesa amepata cheti cha kifo cha baba yake na kimehakikiwa.

Septemba, wamerudi: mhadhara wa majaribio

Vijana wamerudi kutoka JKT wamekonda, wamenyooka, na wanaamka mapema kuliko sisi. Waliochaguliwa na zaidi ya chuo kimoja tumewasimamia wathibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri waliyotumiwa kwenye simu. Asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi zote.

Leo tumewapa mhadhara halisi. Rafiki yetu mhadhiri msaidizi alikuja, akasimama mbele, akazungumza kwa Kiingereza dakika 50 bila kuandika chochote ubaoni. Mada: ziwa lao wenyewe. Sangara kupandikizwa miaka ya 1950, samaki wanaoitwa furu kupungua na aina nyingi kutoweka, magugu maji kuenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Hakusubiri mtu amalize kuandika. Hakusema "andika hiyo". Alipomaliza alichukua mkoba wake akatoka.

Kimya. Kisha kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, notisi tutapewa saa ngapi?"

Tukakusanya madaftari na kuyaweka wazi mezani. Wengi walijaribu kunasa kila neno, sentensi kamili, mwandiko mzuri wa shuleni, na karibu wote walikatikia ukurasa wa pili walipozidiwa. Daftari la binti wa Ilemela lilikuwa tofauti. Juu ameandika tarehe na mada. Chini: "sangara, 1950s", mshale kwenda chini, "furu", kisha alama ya kuuliza na neno moja, "why". Ameacha nafasi ya vidole vitatu upande wa kushoto. Tulipomwomba aeleze mhadhara kwa mdomo alieleza karibu wote, na pale penye alama ya kuuliza akasema hapo hakuelewa, atamuuliza mhadhiri. Tumewapa wote kazi ya kwenda nyumbani kuujaza mhadhara usiku huohuo, kabla haujapoa.

Halafu hesabu ambayo natamani kila mwanafunzi angeifanya kabla ya kuripoti. Kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120. Chukua kozi ya krediti 12: hizo ni saa 120. Tuseme muhula una wiki 15 na mna saa 3 za mihadhara na semina kwa wiki. Jumla saa 45. Zilizobaki 75 ni zako, hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Ni saa 5 kila wiki kwa kozi moja, na ukiwa na kozi tano ni saa 25. Ratiba ya chuo inaonyesha nafasi nyingi wazi, na mwaka wa kwanza huona nafasi hizo ni mapumziko. Ndimo kozi yenyewe ilipo. Anayezitumia kwenye vimbweta (madawati ya nje ya kusomea) na maktaba hatategemea madesa, yaani notisi za wengine, ya mwaka juzi usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Anayezipoteza atakutana na sapu, mtihani wa marudio, na sapu zikilundikana ni kudisko, yaani kuondolewa chuo.

Septemba, mwisho: bumu kwenye karatasi

Zoezi la hela. Kila mmoja amepewa karatasi yenye visanduku 60, kila kisanduku siku moja. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo aliyepangiwa kiasi chote, bumu, yaani mgao wa hela hiyo, la siku 60 ni shilingi 600,000. Ukumbi ulichangamka sana kusikia hiyo namba.

Tukasema sasa mpange. Aliyekosa hosteli atatafuta geto, chumba cha kupanga mtaani. Tuseme chumba ni 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, kama wengi wanavyotaka. Futa 300,000. Visanduku 30 vimekatwa kwa kalamu nyekundu kabla hujala chochote, na kila siku imebaki na 5,000. Mkikaa wawili, kila mmoja anatoa 150,000 na siku inapanda hadi 7,500. Kisha tukawaambia bumu linalofuata limechelewa siku 15. Wakapiga hesabu upya kwa siku 75: shilingi 6,000. Hiyo 6,000 ndiyo namba ya kweli ya kuishi nayo, chai, sahani mbili za mama ntilie, bando na nakala za kusoma zikiwa ndani.

Mambo mawili waliyaandika kwa wino mwekundu. La kwanza, bumu la kwanza huwa halikusubiri getini. Nenda na hela ya wiki tatu angalau. La pili, bumu linasainiwa. Usiposaini ndani ya muda fedha inarudishwa Bodi, na kuifuatilia ni kazi nyingine.

Dagaa wa kubeba: wanaokwenda hosteli wasibebe wabichi wa kupika, hosteli nyingi zimekataza kupika chumbani na jiko la umeme litachukuliwa. Wabebe waliokaangwa wakakauka, kwenye ndoo yenye mfuniko. Wa geto wabebe sado nzima.

Oktoba, wavulana na wasichana pamoja

Kikao cha leo kimeongozwa na muuguzi na wakili. Mada ni rushwa ya ngono, na tumekataa kuwatenga wasichana peke yao, kwa sababu wavulana ndio watakaokuwa mashahidi, wenyeviti wa darasa na marafiki watakaoambiwa kwanza.

Wakili amesoma kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe haki yako au upendeleo ametenda kosa la jinai. Alama ni haki yako. Namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, wote wameihifadhi kwenye simu hapohapo. Vyuo vingi vina dawati la jinsia, na kazi ya wiki ya kwanza kwa kila mmoja ni kujua ofisi yake ilipo kabla ya kuhitaji.

Kisha mazoezi. Umeitwa ofisini jioni kuhusu alama za koswek (kazi na majaribio ya muhula): unamjibu vipi? Walikosa maneno mwanzoni, wakiinamisha vichwa. Tulirudia mpaka wakapata: "Nitakuja kesho saa nne na mwenzangu, au niandikie kwa barua pepe." Fupi, ya heshima, imeacha ushahidi. Tumewafundisha kutofuta ujumbe, kuandika tarehe, saa na mahali, na kumwambia mtu mmoja siku hiyohiyo. Binti mmoja alibaki baada ya kikao akaongea na muuguzi muda mrefu. Kwa ajili yake tu kikao hiki kitafanyika kila mwaka.

Oktoba, mizigo

Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe hospitali ya serikali. Wengi wamekwenda Sekou Toure na ya Wilaya ya Nyamagana. Bima ya afya ya mwanafunzi ni shilingi 50,400 kwa mwaka, asiyekuwa na bima nyingine ailipe asibahatishe. Vyeti halisi vinakaa kwenye begi la mkononi, haviendi buti ya basi. Nakala zake ziko kwenye simu na kwa mzazi.

Kwa wanaokwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Tumewaunganisha kwa basi moja, kila kundi na mhitimu atakayewapokea. Wanaobaki Mwanza tumewaambia wahamie karibu na chuo kama uwezo upo. Kulala Buhongwa na kusoma chuo cha afya cha Bugando ni saa nyingi za daladala, na hizo saa zinatoka kwenye zile 25 za kujisomea kwa wiki.

Novemba, ripoti za kwanza

Wameripoti. Binti wa Kisesa amepata mkopo na amesajiliwa ualimu. Aliyekuwa Nyanzala na Nyanjala alisimamishwa dirishani, akatoa hati ya kiapo, akapita. Kijana wa Nyegezi ametuma picha akiwa ndani ya maji hadi magotini na wavu. Kijana wa Dodoma bumu lake limechelewa; anaishi kwa ile hela ya wiki tatu na ameshapanga na mwenzake wa geto wale pamoja. Mwingine yuko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli amekosa, amebebwa na kaka wa mwaka wa pili kitanda kimoja, na anatafuta chumba Sinza.

Jambo ambalo halijakaa sawa ni Kiingereza cha kuandika. Wawili wamerudishiwa kazi ya kwanza kwa sababu walinakili aya nzima bila kutaja chanzo. Shuleni tuliwazoesha kukariri notisi na kuzirudisha kama zilivyo, na chuo kinaliita jambo hilo wizi. Jumamosi ijayo tutaongea nao kwa simu ya video, na mwakani tuanze nalo Septemba, wiki moja baada ya mhadhara wa majaribio, kwa makala ileile ya sangara: isome, ifunge, iandike kwa maneno yako, taja ulikoitoa.

Kazi za mwakani zilizokubaliwa kikaoni: meza ya vyeti ihamie Februari, vijana wakiwa bado shuleni, na iwafikie wa kidato cha nne pia kwa ajili ya majina. Kalenda ya giza na ada ichapwe mapema na kubandikwa Mwaloni na kwenye gati la Nansio, Ukerewe. Mzee wa Ukerewe ameomba yeye ndiye awaelezee wavuvi wenzake. Tunatafuta wakili wa pili, na mtu wa RITA aliye tayari kukaa nasi Jumamosi moja.